Nani Ameshika Koki ya Solwa?

Mwezi uliopita nilikuwa Nzega kwa shangazi. Asubuhi natoka uani, taulo begani, nakuta ndoo tatu zimepangwa mstari na kufunikwa kwa sinia, bomba limefungwa kitambaa mdomoni. "Mwangaluka, shangazi. Maji vipi?" Hakungoja nimalize. "Waulize wenzako wa Tabora. Mkifungulia nyie huko, sisi huku tunabaki na upepo." Nikacheka, nikaoga kwa nusu ndoo.

Siku mbili baadaye nimerudi nyumbani Ipuli, Tabora mjini, nafungua bomba linakoroma tu. Jirani yangu fundi baiskeli alikuwa anapokea madumu kutoka kwa kijana wa mkokoteni, na sababu alikuwa nayo tayari: "Nzega wanayanywa yote njiani, mzee wangu."

Bomba moja, watu wawili, kila mmoja amemshika mwenzake uchawi. Wala hakuna kati yao aliyejua nani alifunga, wapi, kwa amri ya nani. Pengine umeme ulikatika kwenye pampu. Pengine bomba lilipasuka huko porini. Pengine mtu aligeuza valvu kwa sababu nzuri kabisa, akaandika kwenye daftari lake, akaenda kula. Nimejaribu kuuliza na nimepewa majibu matatu tofauti, yote kwa upole.

Tuanze na bomba lenyewe. Maji yanavutwa kutoka Ziwa Victoria pale Ihelele, wilayani Misungwi, yanasafishwa, kisha yanasukumwa kwenda Shinyanga na Kahama. Huo ndio mradi wa kwanza, na kutokana nao tukapata KASHWASA, mamlaka ambayo kazi yake kubwa ni kuuza maji kwa jumla kwa mamlaka nyingine za miji, nazo zinayauza rejareja kwa mimi na wewe. Baadaye, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya India, likatolewa tawi pale Solwa, mkoani Shinyanga, likaletwa Nzega, Igunga na Tabora, likipitia vijiji kadhaa njiani. Tabora, mji uliokuwa ukitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, na ambao kila kiangazi watu wake walikuwa wanaulizana bwawa limeshuka kiasi gani, ukaanza kunywa maji ya ziwa. Wanaokumbuka maji yaliyokuwa yakitoka bombani na rangi ya chai wanajua hilo si jambo dogo. Mimi nakumbuka. Shati langu jeupe la sekondari halikuwahi kuwa jeupe.

Kwa hiyo sina ugomvi na bomba. Swali langu ni la wanaolishika. Hesabu nami walio juu ya mstari huu mmoja: muuzaji wa jumla, mamlaka ya Shinyanga, ya Kahama, ya Nzega, ya Igunga, TUWASA ya hapa Tabora, na vyombo vya jamii vijijini vilivyo chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Kila kimoja kina uongozi wake na bajeti yake. Chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, kamba zote zinapanda juu kwenda wizarani, na bei inakwenda EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Tazama kamba za pembeni sasa, za Nzega kwa Tabora, za Igunga kwa Nzega. Kuna mkataba wa kila mnunuzi na muuzaji wake, kuna simu za mameneja wanaofahamiana, kuna vikao vya wadau vyenye maji ya chupa na karanga. Chombo ambacho miji hii inakaa kama wenye mali, kila mmoja na kura yake, sijakiona. Chuma kimetuunganisha. Uamuzi bado kila mtu anaupeleka Dodoma peke yake na kurudi peke yake.

Kuna kejeli ndogo hapa, niiseme kabla sijasahau. Maji haya tumeyachota kwa msimamo wa kisiasa. Mwaka 1929 Uingereza iliandikiana na Misri makubaliano kwamba katika nchi ilizotawala kusifanyike kazi kwenye mto Nile au maziwa yanayoulisha, ya kupunguza maji ya Misri, bila ridhaa ya Misri. Mwaka 1962 serikali ya Mwalimu Nyerere ikasema makubaliano hayo hayaifungi Tanganyika, maana yaliwekwa na mkoloni. Miongo minne baadaye, Edward Lowassa akiwa Waziri wa Maji, Tanzania ikauanza mradi wa Shinyanga na Kahama bila kupiga hodi Cairo. Hoja ilikuwa safi: usiniamulie maji yangu nikiwa sipo kwenye meza. Tumeishinda hoja hiyo mbele ya Misri. Kati ya Nzega na Tabora hatujaianza.

Najua jibu litakalokuja, nimeshalisikia kwenye baraza la kahawa pale mtaani Ng'ambo. Aliyelipia bomba ndiye ashike koki. Mkopo ni wa Serikali, utalipwa na kodi ya mvuvi wa Mafia na mkulima wa Mbozi, kwa nini Igunga ipewe kura? Ni hoja ya maana, na wala siyo ya kwetu tu. Wenzetu wameumiza vichwa juu yake, mmoja kwa maumivu makubwa sana.

Detroit, Marekani. Mji ule ulijenga mtambo wa maji, ukakua, ukaanza kuuzia miji ya jirani. Kwa miongo mingi Detroit ilikuwa mwenye bomba na majirani walikuwa wateja. Majirani walilalamika kwamba wanapangiwa bei na mji wasioupigia kura; Detroit nayo ikajibu kwamba waliokimbilia pembezoni wanataka huduma ya mji bila kuubeba mji. Kesi mahakamani zikawa kama misimu ya mvua. Mmoja wa wateja alikuwa Flint, mji wa watu wapatao 100,000, ambao ulikuwa ukinunua maji ya Detroit tangu mwaka 1967. Flint ikachoka na bei. Wakati huo mji wenyewe ulikuwa umefilisika kiasi kwamba gavana wa jimbo alikuwa ameweka meneja wa dharura, mwenye mamlaka juu ya meya na madiwani. Ukaamuliwa mpango wa kujiunga na bomba jipya lililokuwa linajengwa kutoka Ziwa Huron, na wakati likisubiriwa, Aprili 2014 mji ukahamishiwa maji ya mto wao wenyewe, Flint.

Maji ya mto yalikuwa na tabia nyingine kabisa. Yalikula mabomba. Dawa ya kuzuia kutu, ambayo maji ya Detroit yalikuwa nayo, haikuwekwa, na risasi, ile metali yenye sumu, iliyokuwa kwenye mabomba ya zamani ikayeyukia kwenye vikombe vya watoto. Wananchi walikwenda kwenye vikao wakiwa na chupa za maji ya kahawia mikononi, wakaambiwa ni salama. Oktoba 2015 wakarudishwa kwenye maji ya Detroit, madhara yakiwa yameshaingia kwenye damu.

Watu husimulia Flint kama habari ya sumu. Mimi naisoma kama habari ya meza. Mteja asiye na kura kwa muuzaji wake alikuwa na njia moja tu ya kugombana na bei, nayo ni kuondoka. Na ndani ya nyumba yake pia aliyekuwa anaamua hakuchaguliwa na wanywaji. Kufuli mbili mlangoni.

Yaliyofuata Detroit hayasimuliwi sana, nami ndiyo yaliyonifanya nikae kuandika. Mji ulitangaza kufilisika mwaka 2013, na katika kupanga madeni yake ikaundwa mamlaka ya kanda ya maji ya Maziwa Makuu, iliyoanza kazi Januari 1, 2016. Detroit haikunyang'anywa mali. Mabomba makubwa na mitambo imebaki yake, imeikodisha kwa mamlaka hiyo kwa miaka 40, kwa dola milioni 50 kila mwaka, fedha zinazotakiwa kurudi kwenye mifumo ya maji. Bodi ina watu sita: wawili wa meya wa Detroit, mmoja mmoja kutoka kaunti tatu, mmoja wa gavana. Mambo mazito kama bei yanahitaji kura tano kati ya sita.

Ikokotoe hiyo tano kwa sita taratibu. Detroit ikikataa na viti vyake viwili, jambo halipiti. Ikikubali, bado inahitaji watatu wengine. Kaunti moja ikinuna peke yake, jambo linapita. Zikinuna mbili, halipiti. Mwenye bomba hawezi kuburuzwa wala hawezi kuburuza. Siyo pepo, bei bado zinapanda na watu bado wanalalamika. Ila sasa wanajua wanamlalamikia nani, na huyo mtu ana kiti ambacho anaweza kuondolewa.

Kwa hiyo umiliki na uamuzi vinaweza kutenganishwa. Bomba la Solwa likabaki mali ya Jamhuri ya Muungano, mvuvi wa Mafia akahesabiwa kwa kiti cha wizara, na bado Nzega ikawa na kura.

Wengine walianza na meza ndipo wakachimba. Helsinki, mji mkuu wa Finland, unakunywa maji yanayopita kwenye handaki la mwamba lenye urefu wa kilomita 120 kutoka ziwa Päijänne, lililokamilika mwaka 1982. Miji ya eneo lile iliunda kampuni yao ya pamoja kwa ajili ya kazi hiyo, kila mji ukiwa na hisa. Sisi bomba limetangulia, sawa, lakini hakuna sheria ya Mungu inayosema meza haiwezi kufuata.

Sasa kuna wanaosema dawa ni kuunganisha: futa mamlaka ndogo, weka moja kubwa kama DAWASA. Kweli DAWASA inahudumia Dar es Salaam pamoja na miji ya Pwani kama Kibaha na Bagamoyo, na mitambo yake mikubwa ya Ruvu iko huko Pwani, siyo Dar. Lakini Dar na Kibaha zimeshagusana, mtu analala Kibaha na kufanya kazi Kariakoo. Kati ya Tabora na Nzega kuna kilomita 115 za miombo na mashamba, na ukifika Igunga umeshabadilisha mawazo mara mbili. Mama wa Igunga ambaye mita yake inazunguka kwa hewa hatapanda basi kuja kulalamika Tabora. Rejareja ibaki karibu na koki. Kinachotakiwa kuwa cha pamoja ni jumla: maji yanagawanywaje, yanauzwa kiasi gani, matengenezo ya bomba kuu yanaanza wapi.

Na hapo kwenye kugawanywa ndipo penye moto. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, Tabora iko karibu mita 1,200. Kwa macho unaweza kusema ni kilima cha kupanda na baiskeli. Lakini maji hayapandi kilima kile tu. Yanapanda vilima vyote vilivyo njiani na yanasuguana na kuta za bomba kwa mamia ya kilomita, na kila msuguano unalipiwa kwa umeme. Aliye mwanzoni mwa bomba anapata presha ya bure kwa bahati ya jiografia. Aliye mkiani anakula mabaki. Mashine moja ikizimwa Ihelele, wa mwanzo anaona maji yamepungua, wa mwisho anaona upepo. Nzega ikivujisha mabomba yake ya mtaani, Nzega inalipa kwa mita kubwa ya mlangoni, lakini Tabora inalipa kwa ukame. Kuvuja kwa jirani ni njaa yako, na huna mahali pa kumuuliza ataziba lini.

Zipo namna nyingi za kuandika mgao wa wakati wa shida. Kila mmoja apunguze kwa asilimia ileile. Au kwanza lita kadhaa kwa kila kichwa, hospitali na shule, kisha kinachobaki kigawanywe kwa mkataba. Au mwenye chanzo kingine, kama sisi tulivyo na Igombe, atangulie kukaza mkanda kabla ya asiyekuwa nacho. Hii ya mwisho itatuuma Tabora, na bado naiona ya haki. Uchungu wake unavumilika ikiwa imeandikwa mwezi wa Machi, mabwawa yakiwa yamejaa na watu wakiwa na akili timamu. Ikiamuliwa Oktoba, kwa simu, usiku, ndipo shangazi yangu anapoanza kuwataja Wanatabora kwa majina. Dar es Salaam mwishoni mwa 2022, mto Ruvu uliposhuka, mgao ulitangazwa na kila mtu akajifunza ratiba ya mtaa wake. Huo ulikuwa mgao ndani ya mamlaka moja. Sisi tunazungumzia mgao kati ya mamlaka na mamlaka, na ratiba yake sijaiona imebandikwa popote.

Madeni nitayapitia haraka kwa kuwa yanajulikana. Taasisi ya umma haijalipa bili, mamlaka ya mji haijamlipa muuzaji wa jumla, muuzaji wa jumla anahangaika na ankara ya umeme. Mnyororo ukikatika hauchagui aliyelipa. Mjane wa Igunga aliyelipa kwa namba ya malipo tarehe moja anakosa maji kwa deni la ofisi yenye bendera mlangoni, kilomita mia na ushee kutoka kwake. Wakikaa meza moja, kila mdaiwa atatajwa mbele ya wenzake. Aibu ni chombo cha utawala ambacho hatukitumii vya kutosha.

Igombe inanirudisha Flint. Nimesikia watu, tena wasomi, wakisema tumepata maji ya ziwa, bwawa tuwaachie wavuvi wa perege. Hapana. Mnunuzi mwenye kisima chake ana sauti kwenye meza ambayo asiye nacho hana. Lakini bwawa la akiba lina masharti yake: mtambo utunzwe ukiwa unazunguka, dawa ziwepo, na mtu aelewe kwamba kubadilisha chanzo ndani ya bomba lilelile ni kazi ya mkemia kabla ya kuwa kazi ya fundi wa valvu. Kipi kiingie lini, na wananchi waambiwe kabla ya saa ngapi, ni uamuzi wa kuandikwa na kusainiwa, na majirani waujue, kwa sababu siku Tabora itakaporudi Igombe, presha ya Nzega itabadilika.

Mkulima wa tumbaku wa mkoa huu hahitaji semina juu ya haya. Ana chama cha msingi, chama cha msingi kinapeleka wajumbe chama kikuu, na kwenye mkutano mkuu mjumbe wa kijijini anasimama na kumuuliza mwenyekiti kuhusu makato mbele ya watu. Vyama hivyo vina vituko vyake, tumeviona, wengine tumevililia. Lakini hakuna mkulima anayesema wajumbe waondolewe, abaki mwenyekiti na Dodoma. Kwenye tumbaku, ambayo mtu anaweza kuishi bila kuivuta, tuna wajumbe. Kwenye maji tuna wadau.

Na mkia wa bomba unarefuka. Mwaka 2022 zilisainiwa kandarasi za ule mradi wa maji wa miji 28, na Sikonge, Urambo na Kaliua zimo. Kila mji unaoongezwa mbele yetu unatuhamisha: leo Tabora ni mkia, kesho itakuwa kiuno, nasi ndio tutakaonyoshewa kidole na Kaliua kwamba tunayanywa yote njiani. Mimi ningependa kanuni ziandikwe sasa, tukiwa bado hatujui uchungu wa kushtakiwa. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 3.3 unaweza kupata viti saba au vinane kuzunguka meza moja, kimoja cha wizara, na kura ambayo mkubwa hawezi kuishinda peke yake wala mdogo kuizuia peke yake.

Mara ya mwisho nilipohudhuria mkutano wa taftishi, yaani wa kusikiliza maoni ya wananchi, kuhusu bei za maji, nilikaa nyuma ya mzee mmoja aliyekuja na bili zake za miaka mitatu kwenye mfuko wa rambo. Alipopewa kipaza sauti hakusema chochote kuhusu bei. Aliuliza: "Maji yakipungua, nani anaamua nianze mimi?" Kaimu mmoja akamshukuru kwa swali zuri, akasema limechukuliwa. Mzee akasubiri kidogo, akiwa amesimama, kama mtu aliyedhani sentensi ina sehemu ya pili.

Juzi usiku shangazi amenipigia. Maji yametoka, tena kwa nguvu, amejaza mpaka sufuria za sherehe. Akanishukuru sana kwa kuwasemea.

"Sijasema na mtu yeyote, shangazi."

"Basi nani kafungulia?"

Nikamwambia ajaze na mapipa.